Kanuni ya Nne na Chumba Changu cha Kufulia

Bi. Ardith Tjaden,
Shambani, kaskazini mwa mji wa Ostrander, Iowa.
Alhamisi, wiki ya mashindano.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Sauti ya Ostrander.

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KANUNI YA NNE YA “MWONGOZO WA MSHABIKI”

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepoa. Sisi hapa hatujambo, ng'ombe hawajambo, na theluji imebaki upande wa nyuma ya ghala tu.

Mimi ni msomaji wako tangu gazeti lilipokuwa la marehemu baba yako, na muda wote huo nimekuandikia mara moja tu, kuhusu yale maelezo ya kupika mkate wa ndizi mliyoyachapisha bila unga. Nilikuwa mpole wakati ule. Leo sitakuwa mpole, ila adabu nitakuwa nayo.

Wiki iliyopita ulijaza ukurasa mzima kuwaelekeza watu wa kaunti yetu namna ya kufuatilia mashindano ya Machi ya mpira wa kikapu wa vyuo. Kanuni zako nyingi sina ugomvi nazo. Ya kwanza, kwamba kila mtu ajaze jedwali lake la ubashiri kabla ya mechi ya kwanza na asilifute baadaye kwa kisingizio cha miwani, ni ya haki, na mume wangu Merlin inamhusu. Ya pili, kwamba soksi zilizoshinda zisifuliwe mpaka timu itolewe, naivumilia, ingawa mwenye pua ni mimi. Ya tatu, kwamba chakula cha siku ya ushindi kirudiwe, haina taabu, maana sisi hula maharage ya nyama na mikate ya mdalasini hata tukifungwa. Tatizo ni ya nne. Nainukuu ilivyo: “Kama nyumbani kwenu kuna mtu ambaye timu hufunga akiwa hayupo chumbani, basi mtu huyo asiwepo chumbani. Hiyo si adhabu. Ni mchango.”

Mtu huyo ni mimi. Merlin ameikata kanuni hiyo kwa mkasi wangu wa kushonea na kuibandika kwenye friji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jambo lenyewe lilianza kwa bahati tu. Miaka mingi iliyopita timu ya wavulana ya Chuo cha Lindgren, Korongo wetu, iliingia mashindanoni kwa mara ya kwanza, na nyumba nzima ikakaa mbele ya televisheni. Tulikuwa tumezidiwa vibaya. Nikashuka kwenye chumba cha kufulia kilicho chini ya nyumba kuhamishia mataulo kwenye mashine ya kukaushia, na huku nyuma Korongo wakafunga vikapu mfululizo. Nikapanda, wapinzani wakafunga. Mwanangu Curt, ambaye alikuwa bado sekondari, akageuka kunitazama. “Mama,” akasema, “hebu rudi chini kidogo.” Nikasema mataulo yamekwisha. “Basi fua mengine!” akasema baba yake. Nikarudi, tukashinda. Hakuna aliyechunguza kama ushindi ule uliletwa na mataulo. Nilihukumiwa mimi, mataulo yakaachiwa huru.

2. Tangu hapo kila Machi mimi ni mtu wa chumba cha kufulia. Nina kiti cha kukunja, friza yenye nyama ya kulungu, na kidirisha kinachoangalia magurudumu ya trekta. Mashindano nayajua kwa miguu. Merlin akikanyaga sakafu mara moja, ni kikapu. Curt akienda jikoni na kurudi bila kufungua friji, tumekosa mitupo huru. Wote wakinyamaza, kuna mtu ameumia au refa anatazama marudio. Mwaka mmoja walinyamaza muda mrefu mno, nikajua tumetolewa, nikapanda kuwapa pole. Kumbe ni matangazo ya biashara. “Unafanya nini hapa?” waliniuliza kwa pamoja, utadhani walikuwa wamefanya mazoezi.

3. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Nyumbani kwangu wahenga wamepinduliwa: asiyekuwepo ndiye anayeshinda mechi. Sawa. Lakini kama kutokuwepo kwangu kunafunga vikapu, gazeti lako limeviandika wapi? Kila wiki unachapisha nani kafunga ngapi na nani kapora mipira mingapi. Hata yule kijana mrefu aliyekaa benchi msimu mzima akila mbegu za alizeti, jina lake lipo na sifuri mbele yake. Langu halipo hata na sifuri. Chuo kiliposhinda ubingwa wa kanda, wachezaji walivishwa pete za ubingwa, kocha akavishwa, na dereva wa basi naye akavishwa. Dereva huyo namfahamu. Mechi nzima alikuwa amelala garini. Kwa hiyo hata yeye hakuitazama, na bado ana pete.

4. Sasa mkosi wangu umeanza kupimwa kwa maili. Mwaka juzi, kwa mechi iliyokuwa nzito kuliko zote, Merlin aliona chumba cha kufulia kiko karibu mno. “Ardith mpenzi,” akaniambia kwa sauti ile ya kutaka kuazima gari langu, “huna hamu ya kumwona dada yako Nebraska?” Nikaenda Nebraska. Tukashinda kwa kishindo. Basi nakuuliza, Ndugu Mhariri, kwa kuwa mtunga kanuni ni wewe: kama ngazi za kwenda chini huleta ushindi mwembamba, na Nebraska huleta ushindi mnono, ubingwa wa taifa uko wapi? Nimelizungusha tufe la dunia lililo chumbani kwa mjukuu. Upande wa pili kabisa kutoka hapa ni bahari tupu. Ikiwa kaunti inataka kombe, na inikodie meli. Nitahitaji koti zito na mtu wa kulisha kuku.

5. Hili si lalamiko, ni historia, lakini namba nimeshaiandika. Wewe ulikaa nyuma yangu darasani, kwa hiyo unakumbuka. Vijana wanaosoma gazeti lako hawajui. Wasichana wa Iowa siku zile tulicheza sita kwa sita: watatu nusu hii ya uwanja, kazi yao kufunga, watatu nusu ile, kazi yao kuzuia. Mstari wa katikati haukuvukwa. Mimi nilikuwa mlinzi. Miaka yote ya sekondari sikuwahi kutupa mpira kikapuni mbele za watu. Nilikuwa napora mpira, naudunda mara mbili kama sheria ilivyoruhusu, nafika kwenye mstari, nampa Lavonne Buseman, mfungaji wetu, halafu nasimama pale, ncha za viatu kwenye rangi ya mstari, nikitazama migongo ya wenzangu wakienda kushangiliwa. Watu waliniambia nakaba vizuri. Nilikaba vizuri kweli. Ila nitasema wazi kwa kuwa barua ni yangu: nilitaka kuvuka. Nilitaka sana. Mpaka leo nikiota mpira, naota navuka.

6. Sasa nisikilize vizuri. Kukosa kuwaona wavulana wa Lindgren hakukuwahi kunisononesha kule chini. Mama zao siwajui. Lakini mwaka huu walioingia mashindanoni ni wasichana, na anayeuongoza mpira wao ni Brynn, binti wa Curt, mjukuu wangu. Nilimfundisha kukaba mbele ya gereji yetu alipokuwa hajafika kimo cha sanduku la barua. Miguu, mtoto, miguu, si mikono. Anakaba kama mimi. Tofauti ni kwamba akishapora mpira anaendelea kwenda. Hakuna wa kumsimamisha katikati. Anauvuka ule mstari bila hata kuutazama, anakwenda kufunga mwenyewe. Alipokuwa sekondari nilimwona, katika ukumbi mdogo unaonuka bisi. Alipoingia chuo nilihudhuria mechi moja, tukaaibishwa, na tangu siku hiyo tiketi yangu hupewa jirani. Jumamosi nchi nzima itamwona, pamoja na watu wa Nebraska wasiomjua. Asiyemwona ni aliyemfundisha.

7. Jumanne Brynn alinipigia simu. Nikajua anataka baraka za bibi yake. “Bibi,” akasema, “unajua nakupenda, eti?” Nikasema najua. “Jumamosi utakuwa kule chini, sivyo?” Nikauliza nani anataka kujua. “Bibi jamani, si mimi. Wenzangu ndio wameuliza. Hata kocha kauliza.” Sikulia. Nilisema kuna mkate unaungua, nikakata simu. Hakukuwa na mkate. Na kwa hili simlaumu mtoto, nakulaumu wewe, maana mambo ya nyumba yangu yalikuwa ya nyumba yangu mpaka ulipoyachapisha na kuyaita kanuni.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, gazeti litoe sahihisho, kwa herufi kubwa kama zile mlizotumia kwa ule unga wa mkate wa ndizi, kwamba kanuni ya nne ni uzushi mtupu. Kwamba vikapu hufungwa na wachezaji. Na kwamba mwanamke anaweza kuketi kwenye kochi alilolinunua kwa hela zake mwenyewe bila timu kuporomoka. Nakala moja ije kubandikwa kwenye friji yangu na mtu asiye wa ukoo wetu.

Mimi mwenyewe nimeshaamua. Jumamosi nitaketi katikati ya kochi. Sitapika wala sitafua, na mtu asiniulize taulo liko wapi. Akili timamu iko upande wangu, na mchungaji pia. Nilimuuliza Jumapili, akanihakikishia kwamba Mungu haingilii mpira wa kikapu, ingawa alisema hivyo akiwa amevaa soksi za kijani za Korongo, na nilipomkaribia nikajua hazijafuliwa.

Msalimie mkeo, na mama yake, na wote wa ofisini, hasa yule binti wa matangazo ya vifo anayeandika vizuri kuliko nyote. Merlin hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba naandika.

Wako katika kutafuta haki na nafasi kwenye kochi,

Ardith Tjaden (Bi.),
Mlinzi.

N.B. Barua hii ilikosa posta ya Ijumaa, kwa hiyo naongeza habari za leo, Jumamosi.

Niliketi kwenye kochi kama nilivyoahidi. Hakuna aliyenikataza. Merlin alisogea kunipisha, Curt akanipa blanketi, kisha wote wawili wakakazia macho soksi zao. Nikamwona Brynn. Alipora mpira mbele ya macho yangu, akavuka mstari, nikasimama na blanketi langu, na mpira ukagonga chuma ukatoka nje. Kufika mapumziko tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja, na mtoto ana faulo tatu. Hakuna aliyesema neno. Hilo ukitaka liandike: hakuna aliyesema neno. Niliinuka mwenyewe, nikachukua kapu la nguo ambazo zilikuwa safi, nikashuka.

Baada ya kitambo Curt alinifuata na ile televisheni ndogo ya gereji, macho mekundu, akaiweka juu ya friza na kuichomeka. “Mama, tumekukosea,” akasema. “Angalia hapahapa. Huku chini haihesabiki.” Nikamshukuru, nikamwambia akakae na baba yake. Alipokwisha kupanda nikazima sauti, nikaigeuza televisheni uso ukutani, na kwa usalama zaidi nikaifunika taulo.

Haikuchukua muda miguu ikaanza. Mwishoni walikanyaga wote wawili kwa pamoja, vumbi la dari likaniangukia kichwani, nikajua ni yeye, na kwamba alivuka. Nililia juu ya zile nguo safi mpaka sasa inabidi nizifue kweli. Alipopiga simu aliuliza kitu kimoja tu: “Bibi, ulikuwa chini?” Nikamwambia nilikuwa chini. “Najua,” akasema. “Nilikusikia.”

Tunacheza tena Jumatatu, na hao wa Jumatatu ni wakali. Tafadhali usichapishe sahihisho lolote kabla sijafika Nebraska.