Ombi la Kurudishiwa Binti Anayekula Kucha

Haron Waithaka,
Mountain View, Nairobi.

Kwa Bi. Debra, Mshauri Nasaha,
Biashara Street, ghorofa ya pili.

Dada yangu mpendwa,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU KUPONA KWA NYOKABI

Nakusalimu kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imepungua tangu Jumamosi. Ningekupigia simu, lakini tangu utotoni umekuwa ukinikatiza, na leo nataka kufika mwisho wa sentensi zangu.

Unajua vyema kwamba Nyokabi wetu amekula kucha tangu shule ya chekechea. Sisi wazazi hatukuona tabu kubwa. Mtoto mwenye kidole mdomoni hajibizani na mtu. Mama yake alimpaka shubiri mara moja. Mtoto akaizoea, akasema inamsaidia tumbo. Tukamwachia.

Shida ilianza alipochumbiwa na Kibe, kijana wa Mzee Mungai wa Loresho, kwa matajiri. Kutoka kwetu hadi Loresho ni kuvuka barabara ya Waiyaki Way tu, lakini ukoo wetu haujawahi kuivuka kwa miguu ya heshima. Sasa Mama Kibe alipokuja kunywa chai, aliushika mkono wa Nyokabi, akaugeuzageuza kama anayechagua viazi, akasema, "Na pete ya marehemu mama yangu itakaa wapi hapa?" Ndipo nikamtuma binti kwako. Nilikuomba kucha, Debra. Kucha tu. Yafuatayo ndiyo uliyoniletea.

1. Njia uliyotumia. Nilitarajia dawa chungu, au glavu. Wewe ukamwambia: kidole kikipanda mdomoni, kishushe, kisha useme lile neno ulilokuwa unataka kulimeza. Mtaalamu mzima hukujiuliza ni maneno mangapi yamo humo ndani? Binti yangu amenyamaza tangu azaliwe. Nilidhani kimya kile ni chumba kitupu, kumbe ni ghala.

2. Ghala lilifunguliwa mezani kwangu. Nilikuwa nikiombea chakula, nimefika kwa wamishonari walio nchi za mbali, nikasikia sauti: "Baba, hiyo maombi ni refu sana. Chakula inapoa." Nilifungua macho kutafuta mgeni ni nani. Mama Nyokabi akakohoa kwenye leso, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Wiki hiyohiyo Nyokabi akamwambia mkubwa wake kazini, huko mjini, kwamba likizo anayoahidiwa tangu mwaka jana anaitaka sasa. Akapewa! Hilo silipingi, ila nalitaja ili uone ugonjwa unavyosambaa. Kucha nazo zikaanza kuchomoza, nzuri, kama nyasi baada ya mvua, nami kwa ujinga wangu nikafurahi.

3. Kibe alimpeleka Kenyatta Market kula nyama choma. Kama kawaida yake, kijana wa watu alimchagulia nyama, akamchagulia soda, kisha akamweleza kwamba wakioana wataishi kwa mama yake na kwamba kazi ataacha. Kidole kikapanda. Kikashuka. "Kibe, wewe umewahi kuniuliza kitu yoyote?" Kibe, kwa upole wote, akamuuliza kama ana homa. Jioni akanipigia: "Mzee, Nyokabi siku hizi anaongea." Nilimtuliza. Nilimwambia ni dawa tu, na kwamba baada ya harusi itaisha nguvu.

4. Jumamosi. Hema lilikuwa limesimama, mbuzi wameiva, wazee wa pande zote mbili wameketi kwa ajili ya ruracio, kupatana mahari. Mama Kibe alikagua kucha, zilizopakwa rangi nyekundu, akaridhika. Mahari ikakubaliwa bila kelele. Ndipo mzee wetu akamuuliza Nyokabi, kama desturi, mbele ya wote: "Tunywe, au tusinywe?" Dada yangu, swali hilo, la kama binti amekubali kuolewa, huulizwa kwa heshima tu. Tangu enzi za babu zetu halikuwekwa ili lijibiwe.

Kidole kikapanda. Niliomba, nami siku hizi huomba kwa kifupi, kwamba kifike. Kikagusa mdomo. Sijawahi maishani kutamani hivyo kusikia kucha ikikatika. Kisha kikashuka.

"Msikunywe," akasema. "Mimi sitaki kuolewa na Kibe. Pole, Kibe. Poleni, wazee."

Mzee Mungai alikuwa ameshapeleka pembe ya pombe ya muratina midomoni, ikambidi airudishe ikiwa imejaa. Kibe alitazama viatu vyake. Mama Kibe alipata sauti kabla yetu sote: "Na kucha zote hizo!"

Kwa hivyo naomba, kama kaka na kama mzazi, umrudishe Nyokabi katika hali uliyompokea nayo. Kama haiwezekani kikamilifu, nitaridhika na mkono mmoja. Pia umwandikie Mama Kibe kwamba yaliyosemwa ni madhara ya tiba. Na ubandike onyo mlangoni kwako, wazazi wajue. Usifikiri najililia peke yangu. Tazama mji huu: karani anakula kucha, mpangaji anakula kucha, muumini anakula kucha hesabu za harambee zikisomwa, na ndiyo maana mambo yanaenda. Siku wote watakaposhusha vidole kwa pamoja, nani atabaki na cheo? Tiba yako, dada, ni hatari kwa amani.

Wasalimie wote hapo ofisini, isipokuwa wale waliokwisha pona. Mama Nyokabi anakusalimu sana, kwa furaha ambayo sikuipenda.

Ni mimi kaka yako mwenye uchungu,
Haron Waithaka,
Mzee wa Kanisa.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Mzee Mungai amenipigia simu. Anasema wasichana wote husema hivyo, nimkalishe chini, wao watarudi mwezi ujao kumalizia. "Hata akinyamaza," akasema, "tutahesabu amekubali." Nilifungua mdomo niseme karibuni. Nikasikia mtu akisema, "Mungai, msichana amesema. Msirudi." Alikuwa ni mimi. Amenikatia simu. Nilipogeuka, Nyokabi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi, na amesikia yote. Nikamngoja aseme. Miezi yote hii ameniambia kila kitu ambacho sikutaka kukisikia, na leo, siku niliyotaka neno moja tu kutoka kwake, hakusema lolote. Amevuta kiti, ameketi hapa kando yangu.