Kilo Hamsini na Nane

Jumatatu, 3 Juni

Cheo cha fundi mkuu kiko wazi. Tunakitaka wawili, mimi na fundi mwenzangu, Miwani. Miwani anajua kazi. Mimi najua kuongea. Bosi ametupa lifti ya jengo letu hili hili, ghorofa nane, tujaribie humo kidhibiti kipya, kompyuta ndogo ya kuiendesha. Atakayefanya vizuri hadi Ijumaa ndiye.

Miwani kanionya kuhusu dibaga, ile programu ya kuchungulia ndani ya chipu. Eti kidhibiti kikishawaka hupanga memori upya, kilichokuwa chumba cha kwanza huhamia cha nne. Dibaga isipopewa ramani mpya, itaendelea kusoma chumba cha zamani na kukuapia kuwa ndicho. Nimemshukuru. Ramani mpya ni kazi ya siku mbili. Natumia ya zamani.

Jumanne, 4 Juni

Mambo safi. Mzani wa sakafu ya lifti unasoma sifuri. Watu wakipanda, sifuri. Nimemwambia bosi sijawahi kuona mzani uliotulia namna hii.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbaya. Saa nne asubuhi, dibaga ilisema sifuri, yaani lifti tupu. Nikasimamisha programu. Lifti ikagoma kati ya ghorofa ya sita na ya saba, taa zikazimika.

Kisha tukasikia kugonga. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

Dada wa mapokezi akauliza nani yumo. Nikamwonyesha sifuri. Akauliza sifuri inagongaje. Nikamnong'oneza kwamba jengo hili lina mambo yake. Watu wakaanza kurudi nyuma, nami nikajipongeza: penye jini, fundi hana kosa.

Nusu saa ikapita hivyo. Miwani akaja. Akaifuta ramani yangu, akaweka yake, akaiamuru dibaga isahau yote iliyokariri na isome upya kila memori inapohama. Sifuri ikatoweka.

Kilo 118.

Tukaishusha lifti. Mlango ukafunguka, akatoka mama mkwe wangu, na funguo nilizosahau nyumbani. Peke yake.

Nilipiga magoti palepale. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mwanangu," akasema, "mwenzangu mbona hashuki?"

Nikachungulia. Hapakuwa na mtu.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe ana kilo sitini. Mke wangu kathibitisha, na tangu hapo hajanisemesha. Zimebaki 58.

Miwani ameikagua ramani mara tatu. Sahihi. Ameweka ndani mzigo wa kilo ishirini, mzani umesoma 78. Akautoa. 58.

Mama mkwe anasema kule gizani alishikwa mkono. Mkono wa baridi, haukumwachia hadi taa ziliporudi.

"Alikuwa na hofu kuliko mimi," akasema, akaendelea kukunja nguo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata dawa! Miwani alipokwenda kunywa chai, nilitumia ramani yake kukiamuru kidhibiti kipunguze 58 kwenye kila kipimo. Lifti tupu, sifuri. Bosi akaja. Nikapanda peke yangu mbele yake: 71, uzito wangu kamili. Akanipa mkono. Cheo changu!

Nikashuka. Kwenye skrini ikatokea hasi 58. Miwani aliitazama, kisha akatazama nyuma yangu, muda mrefu.

"Ameshuka na wewe," akasema.

Wivu tu.

Jumamosi, 8 Juni

Mzani wa bafuni umeharibika. Nimepanda asubuhi hii, unasema nina kilo 129. Nimezungusha kile kidude cha chini, nikaupunguzia 58. Sasa unasoma 71.

Nimeshautengeneza.