Mafuta ya Ndani Yametoka Nje

Jamani, leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya mama mkwe mtarajiwa!

Mnajua nimerudi Pande likizo, na kijiji chetu cha ujamaa kikanipa darasa la akina mama, elimu ya watu wazima. Asubuhi mama akaninong'oneza: "Mama yake Hamisi ametoka Kinjumbi. Anakuja darasani kukuangalia. Tulia, mwanangu." Hamisi nampenda, sifichi. Nikajifunga kanga zangu mbili mpya, moja juu ya nyingine, zisitiri yaliyo chini (mtaona).

Somo lilikuwa damu. Ningesema ni nyekundu nikaishia hapo! Lakini mgeni yupo, nikataka kung'ara. Nikaeleza kwamba chembe nyekundu ina ngozi ya mafuta, matabaka mawili. Mafuta hutembea kirahisi ndani ya tabaka lake, ila kuvuka kwenda la pili ni kazi, mpaka yabebwe. Chembe ikichakaa, mafuta ya ndani hutokeza nje. Mwili ukiyaona, unajua hii imechoka, unaiondoa.

Bi Somoe akanyoosha mkono. "Mwalimu, yanavukaje, na mlango hamna?"

"Tazameni kanga zangu," nikasema. (Nani alinituma?) "Hii ya nje, hii ya ndani. Sasa naivusha ya ndani."

Nikavuta. Haikuja. Nikavuta kwa nguvu. Zikaja zote mbili!

Nikabaki na shumizi. Na kwa vile duka la kijiji halijaona kitambaa siku nyingi, shumizi yenyewe nimeishona kwa mfuko wa unga. Makalioni imeandikwa SEMBE, herufi kubwa za buluu. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi machozi yakanilenga. Nikaona harusi ndiyo hiyo inaondoka.

Mama Hamisi akainuka, akaziokota kanga, akanifunga mwenyewe, taratibu, kama anamvisha mtoto.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akainua pindo la kanga yake kidogo, nione mimi tu. Chini kulikuwa na shumizi ya mfuko wa sukari! "Hata Kinjumbi maduka matupu," akanong'ona. Nikacheka huku nalia. Nimempenda mama yule, wallahi.

Wakati wa kuaga akamwambia mama yangu: "Mkwe nimemwona. Nimemwona vizuri kabisa."

Basi posa inakuja. Nanyi msicheke. Atakayecheka, pilau ya harusi ataisikia harufu tu.