Nyumba Namba Moja ya Mama Mdogo

Kabla sijaingia kwenye itifaki, ndugu wananchi, niseme kwamba tangu Jumatatu kuna mlio mmoja haujanitoka masikioni. Ni wa mti wa mwisho wa mtaa huu ulipoanguka. Ulianza kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiye na haraka, kisha puu! Wengine walisema mti unalia. Mimi, kwa kiwango changu cha elimu, nilisikia maendeleo yakipiga hodi. (Makofi kutoka safu ya mbele, yenye viti na turubai.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makazi Bora. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa anayemwakilisha Makamu, ambaye naye yuko njiani. Wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Wadau wote wa maendeleo. Nanyi wananchi wa kawaida mliosimama juani: kila mmoja ajihesabu ametajwa kwa cheo chake, na asiye na cheo ajihesabu ametajwa vilevile.

Mradi huu wa nyumba za kisasa ni mradi shirikishi, jumuishi na endelevu, unaotekelezwa kwa fezi, chini ya masta plani inayozingatia impakti kwa jamii katika ngazi zote za chini, za kati na zile ambazo bado hazijaundwa, na katika kuusimamia, mimi kama Mratibu Mkuu, sikulala. (Sauti: "Si ulikuwa semina? Kule ulilala vizuri tu!" Vicheko.) Nimemsikia huyo. Semina nayo ni kazi.

Ili kupisha nyumba hizo, tulilenga kukata miti yote, na tumekata yote. Hiyo ni asilimia mia moja, kiwango ambacho idara nyingine hukisikia redioni tu. Wapo wanaolalamikia joto. Utafiti wetu unaonyesha kwamba nguo zilizokuwa zikikauka jioni sasa zinakauka kabla hujamaliza kuanika. ("Na sisi tunakauka!") Wapo wanaouliza ndege wamekwenda wapi. Ndege walialikwa kwenye kikao cha maoni kama wadau wengine, hawakutokea.

Nitoe mfano hai. Tunaye hapa mama mdogo wangu, wa tumbo moja na mama yangu, fundi cherehani aliyenishonea sare tangu darasa la kwanza. Simama, mama mdogo, wakuone. (Anasimama, utepe wa kupimia ungali shingoni.) Ofisi yangu ilipotangaza kwamba atakayeng'oa paa lake mwenyewe ndiye atakayekabidhiwa nyumba namba moja, ninyi wengine mliguna. Yeye alipanda ngazi siku hiyohiyo, akashusha mabati, akayaleta ofisini. Huo ndio uzalendo!

("Binti yangu, wiki ya tatu hii nalala naangalia nyota. Vitambaa vya wateja vinalowa. Nyumba iko wapi?")

Swali zuri sana, mama mdogo. Litajibiwa kwa maandishi.

("Maandishi nitajifunika? Nioneshe kwa kidole tu. Iko upande gani?")

Iko katika hatua za awali za mwelekeo.

("Hatua za nini?" "Za mwelekeo, mama, kasoma huyo!" Vicheko. "Wewe nilikuogesha kwenye beseni, leo unanizungusha mbele za watu?" Mratibu Mkuu anakunywa maji.)

Mambo ya beseni tutayazungumza nyumbani.

("Nyumbani kwa nani?")

Tusonge mbele. Tuinuke kwa kaulimbiu. Nikisema nyumba, mnasema juu. Nyumba! (Watu wanatazama juu.) Kivuli! ("Kirudi!") Hapana, hapana, mnasema chini. Tutalifanyia semina.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi, ambaye siku akipatikana ninaamini atafanya kazi nzuri. Nawashukuru wafadhili, ambao barua ya kuwaomba inatafutiwa mwandishi. Na kwa namna ya pekee namshukuru mchora ramani, kwa uvumilivu wake, maana nafasi yake itatangazwa mwakani, bajeti ikiruhusu kuwe na ramani. (Zogo. Safu ya mbele inapiga makofi peke yake.)

Na kuhusu mama mdogo, isije ikasemwa nimeitupa damu yangu, suala lake nimeshalitolea uamuzi. Kwa mujibu wa kanuni zetu, nyumba isiyo na paa ni gofu, na gofu ni hatari kwa anayelala ndani yake. Nisingekubali mama yangu aangukiwe na ukuta ofisi yangu ikitazama. Kwa hiyo asubuhi hii, wakati yeye yuko hapa anatusikiliza, vijana wangu wamezibomoa kuta zote nne. Cherehani waliitoa kwanza, haina hata mkwaruzo. (Mama mdogo ameshatoka mbio.) Mama mdogo! Rudi kwanza, bado kuna picha ya pamoja.