Kisukari cha Kujitungia

Jumatatu, 17 Juni

Naanza upya. Safari hii kweli.

Asubuhi Dada kanipitia kazini, hata milango ya duka hatujaifungua vizuri. Hakuja kugomba. Afadhali angegomba! Kaja anatabasamu, futi yake ya kupimia nguo bado iko shingoni, akaniambia amepata mashine ile ya kufunga pindo, ya mtumba lakini nzima kabisa. Kaweka kianzio. Muuzaji atamngoja mpaka mwisho wa mwezi. Akiipata, tenda ya sare za shule ni yake. Asipoipata, anapewa fundi mwingine. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, kama ile hela ya kodi aliyonikopesha itapatikana.

Nikasema itapatikana. Nikaapa. Akasema nisiape, nilipe.

Shajara hii hakuna anayeisoma, basi niandike ukweli. Kodi niliila. Si kwamba niliitumia vibaya, la, niliila hasa, kwa meno: keki, kuku wa kukaanga, aiskrimu, karanga za njiani, soda ya kuteremshia karanga. Mwenye nyumba alipobisha hodi nilikuwa sina kitu ila shibe. Dada akaniokoa kwa akiba yake ya mashine.

Mpango: kuanzia leo sipiti kabisa mbele ya duka la Mama Keki.

Dosari ya mpango: duka la Mama Keki linatazamana na duka letu la rangi. Nikiinua kichwa, namwona anapaka krimu.

Jumanne, 18 Juni

Nimetumia mlango wa nyuma kuingia na kutoka. Akili hiyo! Jicho halioni, tumbo halitamani.

Kumbe uchochoroni nyuma ya duka kuna bwana anakaanga kuku. Ameanza wiki iliyopita. Hakuna aliyeniambia! Nimekula paja. Paja moja tu, na paja si mlo, ni kipande. Halafu kidari, kwa sababu paja peke yake lilinipa kiu ya kidari.

Brashi kaniona nikirudi huku najifuta midomo. Huyu ni mwenzangu dukani, anauza brashi na msasa, na kichwa chake chenyewe kimesimama nywele kama brashi. Huja na viazi vya kuchemsha ndani ya kopo, kila siku, na anavila polepole huku ananitazama. Leo kasema kubana matumizi ni suala la nia tu. Nia! Mtu ambaye hajawahi kutamani chochote zaidi ya kiazi anizungumzie nia.

Mchana mteja kataka rangi ya krimu ya kuta za sebule. Nikachanganya. Nikakumbuka keki. Nikaongeza njano kidogo, nikaongeza tena. Bosi akaja, akatazama ndoo, akaniuliza kama mteja anakwenda kuipaka au kuilamba.

Jumatano, 19 Juni

Nimepata dawa. Nashangaa sikuifikiria mapema.

Tatizo si mimi kununua. Tatizo ni watu kuniuzia. Wakikataa kuniuzia, nitanunua kwa nani? Basi nikavuka barabara kifua mbele, nikaingia kwa Mama Keki, nikainamisha kichwa, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nimetoka kupimwa. Nina kisukari. Asiniuzie tena kitu kitamu hata nikimlilia.

Mama Keki kaziba mdomo kwa kiganja. Akafunika keki kwa kitambaa, zote, kama mtu anayefunika maiti. Akanipa maji ya kunywa, bure, akanishika bega, akasema pole baba, pole sana.

Nikatoka nikipiga mluzi. Nikakumbuka mimi ni mgonjwa, nikaacha.

Alhamisi, 20 Juni

Ushindi mtupu! Nimevuka barabara saa ya chai, udhaifu umenishika, nikaomba kipande kidogo tu cha keki ya limau. Mama Keki kanitolea macho, akaniambia niende zangu, hawezi kuniua kwa mkono wake. Yule bwana wa kuku naye kanikatalia! Amesikia wapi, sijui. Hela imebaki mfukoni siku nzima. Nimeishika mara kadhaa kuhakikisha ni yenyewe.

Jambo moja tu la ajabu: Brashi kanigawia viazi. Vikubwa viwili. Hakusema lolote kuhusu nia.

Ijumaa, 21 Juni

Balaa.

Jioni Bosi kafunga duka mapema, jambo asilolifanya hata siku ya mafuriko. Katuita wote mbele ya makopo ya rangi ya mafuta. Kasafisha koo. Kasema duka hili ni familia, na mwanafamilia mmoja ana mtihani, tena anauficha kiume. Nikageuka nimtafute huyo mwanafamilia. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Bahasha. Nene! Mchango wa matibabu. Mama Keki kachanga, bwana wa kuku kachanga, Bosi kachanga, yeye ambaye hukata mshahara kwa kuchelewa kidogo tu. Brashi ndiye aliyepita na kopo lake kukusanya. Kopo la viazi!

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Bosi akasema nisijichoshe kwa maneno, wananielewa. Wakanipigia makofi.

Jumamosi, 22 Juni

Sijala vizuri. Nimeitazama bahasha na yenyewe ikanitazama.

Lakini akili yangu haikai bure. Nikawaza hivi: wenzangu wametoa hela ili niondokewe na tatizo. Tatizo langu ni nini? Deni. Basi nikimpelekea Dada bahasha, nimefanya walichotaka, tofauti ni jina la ugonjwa tu. Tena nitawarudishia polepole, mmoja mmoja, bila kelele. Mpango safi.

Nikaenda kwa Dada. Chumba kimejaa vipande vya kitambaa cha bluu, sampuli za sare. Macho yake mekundu. Mama Keki alikuwa ameshampigia simu tangu jana.

Nikamwekea bahasha juu ya cherehani. Akairudisha mkononi mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kama nilipokuwa mdogo akinipa hela ya daftari.

Akasema, "Hiyo ni ya dawa zako. Deni nimekusamehe. Na mashine nimeiacha."

"Umeiacha vipi?"

"Nimempigia muuzaji ampe mtu mwingine. Kianzio atanirudishia, tutamlipa daktari nacho. Mashine zipo nyingi, mdogo wangu. Wewe upo mmoja."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nikasema nina kiu. Akaniletea maji yasiyo na sukari.

Jumatatu, 24 Juni

Dada kaomba ruhusa kwa Bosi mwenyewe, kanishika mkono hadi zahanati. Njiani nikasema naona nafuu, labda imepona yenyewe. Akanikaza mkono zaidi.

Muuguzi ni mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Kanichoma kidole. Kasoma kipimo, kanitazama mimi, kakisoma tena, kanichoma kidole kingine. Kisha akauliza ni nani aliyeniambia nina kisukari.

Dada akasema, "Mwambie, mdogo wangu. Ni hospitali gani ile?"

Nikatazama dari. Rangi yake ilikuwa inabanduka, walipaka bila kupiga msasa kwanza. Nikalieleza hilo.

"Hujaulizwa dari," akasema muuguzi.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nilijiambia."

Nikamwaga yote. Keki, uchochoro, bahasha. Muuguzi kavua miwani akafuta macho. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka mabega yalipoanza kutikisika. Akasema sukari yangu haina neno, ila kwa ulaji huu nisijitabirie sana.

Dada hakucheka. Alichukua mkoba wake, akasimama, akaondoka. Alipofika mlangoni akaniambia bila kugeuka kwamba siku ile ya Ijumaa hakulala, alikuwa anahesabu atauza nini kwanza, cherehani au kitanda.

Jumanne, 25 Juni

Nimerudisha hela. Nimesimama mbele ya kila mmoja na kusema kwa mdomo wangu. Kazi hiyo simtakii adui.

Bosi kasema mshahara wangu wa mwezi huu hautapita mkononi mwangu, atampa Dada mwenyewe. Bwana wa kuku kaniuliza kama sasa nitanunua. Brashi kapokea yake, kaitia mfukoni, kaendelea kula viazi. Hakunigawia.

Mama Keki ndiye aliyeniumiza. Hakunifokea. Alisema tu kwamba mama yake alifariki kwa maradhi hayo, na kwamba nilipomwambia yale siku ile, alirudi nyumbani hakuweza kupika. Sikujua. Nilisimama pale nanusa vanila na sikutamani chochote. Kweli kabisa. Dakika nzima.

Nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja kwa muuzaji wa mashine. Mashine bado ilikuwepo, mnunuzi mwingine alikuwa amesema atakuja kesho. Nikamsihi. Akasema yeye si benki. Nikatazama mlango wake wa chuma, kutu tupu, na maandishi ya duka yamefutika nusu. Nikamwambia akimngojea Dada mpaka Ijumaa, nitaukwangua mlango huo, niupake, na maandishi niyarudishe mapya, bure.

Akaniuliza kama najua kuandika herufi. Nikasema najua. Nilikuwa sijui.

Alhamisi, 27 Juni

Mgongo! Vidole! Kutu imeingia hadi kwenye kope. Siku mbili nikitoka kazini nakwangua, nasugua, napaka. Jana nilichora herufi ya kwanza kubwa mno, nyingine zikabanana mwishoni kama watu kwenye benchi. Nikafuta. Leo, nakwangua tena, nikaona kivuli nyuma yangu. Brashi. Kaleta brashi nyembamba ya herufi na kipande cha chaki. Kanichorea mistari, kaniambia nianze katikati nielekee pembeni. Kumbe anajua! Tukapaka mpaka giza likaanza kuingia. Alipoondoka kasema deni la viazi viwili liko palepale.

Ijumaa, 28 Juni

Bosi kamkabidhi Dada mshahara wangu mbele yangu. Deni limebaki kidogo, nitamalizia mwezi ujao. Tukaenda kwa muuzaji, Dada mbele, mimi nyuma, hanisemeshi.

Akafika mlangoni akasimama. Bluu inang'aa, herufi nyeupe zimekaa sawa. Muuzaji akamwambia nani kapaka na kwa nini. Dada akanitazama kwa mara ya kwanza tangu zahanati. Akalowesha ncha ya kanga yake kwa ulimi, akanisugua sikio.

"Una rangi mpaka masikioni," akasema. "Mtu mzima huyu."

Tukaibeba mashine wawili mpaka kwake. Akatunga uzi, akapitisha kitambaa, pindo likatoka limefungwa safi kama la kiwandani. Akacheka mwenyewe. Akasema nije kula kwake mwezi mzima, kwa kuwa sina senti, ila atapakua yeye.

Sijawahi kuwa na furaha namna hii bila kutafuna kitu.

Jumatatu, 1 Julai

Mtu mpya. Nimekomaa. Nimekaa na kuchambua maisha yangu kwa utulivu, nikagundua kosa lilikuwa wapi muda wote huu: nilikuwa nanunua kwa rejareja.

Rejareja ndiyo inayomaliza watu! Kwa hiyo leo nimekwenda kwa muuza jumla, mtu mwelewa, hanijui, kanikopesha katoni nzima ya biskuti za chokoleti. Nalipa mwisho wa mwezi. Nitawauzia wateja wa rangi, nitamlipa yeye, nitammalizia Dada, na faida itabaki. Sijamwambia Dada bado. Nataka ashtuke kwa furaha.

Katoni iko chini ya kitanda. Mfanyabiashara makini hauzi kitu asichokijua, kwa hiyo nimefungua pakiti moja kwa ajili ya ukaguzi. Ilikuwa nzuri mno. Nikaingiwa na shaka, pengine ni hiyo moja tu.

Nimefungua ya pili.