Msandali Haukai Peke Yake, na Mimi Je?

Kwa Bwana Meneja,
Shamba la Misandali.

Shikamoo. Miche haijambo. Naanza na miche kwa sababu najua ndiyo ungeiulizia kwanza. Sisi tunaoipalilia tunajikongoja.

Mimi ni yule mpalizi wa mistari ya juu, niliyetoka mbali. Naomba mke wangu aje tuishi naye kwenye chumba changu cha kambi, ingawa sheria yako inakataza wageni. Sababu zangu ni hizi:

1. Bwana shamba alitufundisha kwamba wezi wa magogo wameumaliza msandali porini, ndiyo maana tunaupanda hapa, usipotee duniani na wanavijiji wapate kipato. Akasema haustawi peke yake. Lazima upandwe na mmea jirani, mizizi ishikane chini kwa chini. Mimi mmenipanda peke yangu.

2. Nilipokuwa mgeni niling'oa majirani wa mstari mzima nikidhani ni magugu. Misandali ikageuka manjano. Bwana shamba akanifokea mbele ya watu: "Muuaji we, umeiacha wajane yote hii!" Nilikubali kosa. Lakini aliyening'olea mimi jirani yangu hajafokewa na mtu.

3. Miche ina neti ya kivuli na mlinzi wa kuhakikisha jirani hatoki. Mlinzi huyohuyo humulika tochi chini ya kitanda changu kuhakikisha jirani hajaingia.

4. Rangi yangu njoo uitazame mwenyewe. Wenzangu wananiita Manjano.

5. Kwa hiyo, kama sheria ya wafanyakazi haibadiliki, naomba niandikishwe kuwa msandali. Nivishwe kibao shingoni, nimwagiliwe asubuhi, na mke wangu apite getini kama mmea jirani. Mbolea sitaki.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, karani, dereva wa trekta, na mlinzi pia, ingawa tochi yake inaniumiza macho.

Ni mimi mtiifu wako ninayenyauka,
Manjano

Nyongeza: Kabla ya kuileta nimemsomea mke wangu barua hii kwa simu. Alicheka sana, kisha akauliza, "Na huyo jirani naye anafaidi nini?" Nikashindwa kumdanganya. Msandali humnyonya mizizi, na mara nyingi jirani ndiye hutangulia kukauka. Akasema, "Baba watoto, huko siji ng'o. Tangu uondoke nimenenepa." Basi ombi la juu lifute. Naomba likizo, tena upesi, nikamwone huyo aliyenenepa.