Diski Itakayoikumbuka Malka ya Wema

Mheshimiwa Naibu Mgeni Rasmi, unayemwakilisha Mgeni Rasmi aliyekwama Madogo. Waheshimiwa wenzangu mlioketi kwenye viti vyenye mito. Wananchi wapendwa mlioketi kwenye vile vingine. Masheikh, wachungaji, wakulima, wafugaji, na wewe mama uliyekuja na mbuzi. Itifaki yote ikiwa imezingatiwa, isipokuwa ile ya kuanza kwa wakati, mimi Martin Jilo, Mkurugenzi Mtendaji wa Idara ya Kumbukumbu za Kidijitali, nasimama hapa Garsen nikiwa na furaha ambayo, kitaalamu, haijawahi kupimwa. (Makofi kutoka kwenye mito.)

Ndugu zangu, dunia inasubiri diski mpya za kompyuta, diski za hai-pafomansi, zenye kasi ambayo hata mimi niliyesoma nilipoisoma nilikaa chini, na ambazo, kwa mujibu wa tathmini shirikishi iliyofanywa na mimi mwenyewe, zitawanufaisha asilimia mia moja na kumi na mbili ya wakazi wote kuanzia hapa hadi Ozi. (“Wengine watoka wapi?”) Hao ni wa akiba, mzee. Mipango hufanywa na akiba.

Sasa, mnakumbuka kwamba kila kiangazi ng'ombe hutoka huko bara kuja kunywa mtoni, na hupita kwenye malka, ile njia ambayo wazee wa wafugaji na wazee wa kijiji cha Wema waliitembea pamoja kwa miguu, wakakubaliana, wakapigilia vigingi kila upande ili mnyama asikanyage shamba la mtu. Mimi nikasema, hapana! Karne hii? Vigingi? Ndipo ofisi yangu ikatoa mwongozo vigingi vyote ving'olewe, kwa kuwa malka nzima itahifadhiwa ndani ya diski, isiliwe na mchwa wala kusombwa na mafuriko. Nanyi, kwa uzalendo wenu, mkaving'oa. Nasema mkaving'oa! (Mtu mmoja anapiga makofi, anaangaliwa, anaacha.)

(Mzee Jarso, mfugaji, anasimama: “Bwana mkubwa, ng'ombe yangu iko hapo nyuma ya Garsen. Kesho inataka maji. Sasa ipite wapi?”)

Swali zuri sana, mzee wangu, na linaonyesha jinsi uhamasishaji wetu ulivyofika mashinani. Ng'ombe wako watapita kidijitali.

(Josephine, mkulima wa Wema: “Na mahindi yangu yameanza kubeba, mheshimiwa. Mwaka ule malka ilipopotea tulipigana na wafugaji, tukazika watu. Turudishieni vigingi vyetu.”)

Mama, uchungu wako nauhisi hapa kifuani, chini kidogo ya beji. Lakini kuhusu vigingi naomba tuwe wawazi, kwani uwazi ndiyo nguzo yetu ya nne: vilitumika kama nishati mbadala kupikia pilau la warsha ya uzinduzi, pilau ambalo washiriki walilipatia alama za juu kabisa. (Minong'ono. Naibu Mgeni Rasmi anatazama viatu vyake.) Naomba utulivu! Diski hii, ikiwashwa tu, itaikumbuka malka haraka kuliko mzee yeyote aliye hai. Sema diski oyee! (“Oyee,” kwenye mito.) Kigingi zii! Kasi mbele, mguu nyuma! (Mbuzi analia.)

Kwa kumalizia, niwashukuru nyote, na kwa namna ya pekee niishukuru kampuni ya ng'ambo inayotarajiwa kuanza kuitengeneza diski hiyo, ambayo habari zake nilizisoma kwenye simu nikingoja nyama iive, na ambayo nitaiandikia kuomba moja mara nitakapojua iko nchi gani. Kompyuta ya kuitia itafuata, na stima pia.

(Wananchi wote wanainuka. Mzee Jarso anamwambia Josephine, “Twende, mama, nionyeshe mahindi yako yaishia wapi.” Vijana wa pande zote mbili wanawafuata na mapanga, wakiulizana miti ya kukata vigingi ipo wapi karibu.)

Asanteni, asanteni kwa kunisimamia kwa heshima kubwa namna hii! Basi ketini sasa. Ketini, bado kuna picha ya pamoja. Jamani? Na wewe mpiga picha, waenda wapi na kamera ya idara?

(“Kushika kamba ya kupimia malka, mheshimiwa. Shamba lile ni la mamangu.”)